Namna ya Kupima Ubora wa Picha wa Filamu za Diski za 4K Nyumbani

Maandishi ya "4K Ultra HD" kwenye jalada la diski yanaeleza jambo moja tu, kwamba picha iliyohifadhiwa ndani ina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Hayaelezi picha hiyo ilitoka wapi, nani aliisafisha, data yake ilibanwa kiasi gani ili ienee kwenye diski, wala kama runinga yako inaionyesha jinsi ilivyokusudiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kununua diski mbili kwa bei ileile, moja ikamwacha ameduwaa na nyingine ikamfanya ajiulize fedha zake zimekwenda wapi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitofautisha hizo mbili, na unafuata mpangilio ambao mimi nauona ndio wa haki: kwanza uhakikishe vyombo vyako havikudanganyi, kisha ndipo uihukumu diski. Wanaoanza na diski mara nyingi huishia kuilaumu studio kwa kosa la kebo.

Viwango vya diski hizi vilikamilishwa na Blu-ray Disc Association mwaka 2015, na filamu za kwanza zikaingia sokoni mwaka 2016. Kwetu Afrika Mashariki si bidhaa unayoikuta kwenye kila duka la vifaa vya umeme; wengi huziagiza kutoka Uingereza au Marekani, au huletewa na ndugu wanaoishi huko. Gharama hiyo ya kuagiza ni sababu tosha ya kujua kupima kabla ya kulipa.

Hatua ya kwanza: Hakikisha picha kamili inafika kwenye runinga

Deki ya kawaida ya Blu-ray haiwezi kusoma diski za 4K, hata kama boksi lake limeandikwa kwamba inatoa picha ya 4K. Maneno hayo yana maana kwamba deki inachukua picha ya diski ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa 1080 na kuikuza tu. Unahitaji deki iliyotengenezwa kwa ajili ya Ultra HD Blu-ray, ambalo ndilo jina rasmi la diski za 4K, na chaguo si jingi kama zamani: OPPO ilijitoa mwaka 2018, Samsung ikaacha kuleta deki mpya mwaka 2019, na majina ambayo bado hutajwa sana ni Panasonic na Sony. Mashine za michezo nazo zinafaa. Xbox One S, Xbox One X na Xbox Series X husoma diski hizi, na PlayStation 5 yenye sehemu ya kuingizia diski pia, ingawa zote hazitoi Dolby Vision, mfumo mmojawapo wa kupanua mwanga na giza la picha, kutoka kwenye diski. PlayStation 4 Pro imewaponza wengi, kwa sababu inatoa michezo kwa 4K lakini haisomi diski ya filamu ya 4K hata kidogo. Njia ya kompyuta siipendekezi kwa mtu anayetaka amani, kwa kuwa ulinzi wa diski hizi dhidi ya kunakiliwa ulitegemea teknolojia ya SGX iliyomo kwenye prosesa za Intel, nayo Intel imeiondoa katika prosesa zake mpya za kompyuta za nyumbani.

Anayenunua deki Marekani aangalie nyuma yake kabla ya kuifunga kwenye sanduku. Umeme wa huko ni volti 120, na deki isiyoandikwa kwamba inapokea hadi volti 240 itaungua siku ya kwanza utakapoichomeka Dar es Salaam au Nairobi.

Baada ya deki, fuata kebo. Diski ya 4K yenye HDR, yaani picha yenye upana mkubwa zaidi kati ya giza na mwanga, inahitaji kebo ya HDMI inayoweza kupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, na zile zilizothibitishwa huwa na lebo ya Premium High Speed. Kebo dhaifu hujitambulisha yenyewe: vinukta vyeupe vinavyometameta kwenye sehemu za giza, au picha inayokatika kwa sekunde moja mbili na kurudi. Kisha chagua tundu sahihi la runinga, kwa kuwa baadhi ya runinga zina matundu manne lakini mawili tu ndiyo yanayopokea mawimbi kamili pamoja na HDCP 2.2, ulinzi wa kuzuia kunakili. Hata hapo kazi haijaisha. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimefunga uwezo kamili wa tundu, na ni lazima uingie kwenye mipangilio ukaufungue. LG huuita Deep Color, Samsung huuita Input Signal Plus, na Sony huuweka chini ya maelezo ya aina ya mawimbi ya HDMI. Usipoufungua, deki itatuma picha ya kawaida isiyo na HDR bila kukuambia neno, nawe utaketi unaitazama diski ya gharama kubwa ikiwa imevuliwa nusu ya thamani yake.

Hakiki kwa kubonyeza kitufe cha maelezo kwenye rimoti ya deki wakati filamu inaendelea. Unapaswa kuona 3840 kwa 2160, fremu 24 kwa sekunde (au 23.976, ambayo ndiyo kasi halisi ya diski nyingi), na aina ya HDR inayotumika. Pasipo maneno hayo, usiendelee na hatua inayofuata.

Hatua ya pili: Iondoe runinga kwenye hali ya dukani

Runinga nyingi huwashwa mara ya kwanza zikiwa katika hali ya picha iliyokusudiwa kuvutia wateja, yenye bluu nyingi na kingo zilizokazwa. Chagua hali ya sinema, au Filmmaker Mode ikiwa runinga yako inayo. Hali hii ilitangazwa na UHD Alliance, muungano wa studio na watengenezaji wa runinga, mwaka 2019 kwa madhumuni ya kuzima kwa pamoja vikorombwezo vinavyobadilisha kazi ya mtengenezaji wa filamu. Picha itaonekana kuwa na umanjano mwanzoni. Ivumilie kwa jioni mbili tatu, na ukirudi kwenye hali ya zamani utaona kwamba nyuso za watu zilikuwa za samawati.

Zima ulainishaji wa mwendo. Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde, na runinga inapojitungia fremu za katikati, mwendo wa waigizaji unakuwa kama wa tamthilia ya runinga iliyorekodiwa studio. Sony huiita Motionflow na LG huiita TruMotion, na kila kampuni ina jina lake. Zipo filamu chache sana zilizopigwa kwa kasi ya juu kwa makusudi, kama "Gemini Man" ya Ang Lee ya mwaka 2019, ambayo diski yake ya 4K ina fremu 60 kwa sekunde, lakini hizo zinakuja na mwendo huo ndani yake na hazihitaji msaada wa runinga.

Shusha ukali wa kingo hadi mahali ambapo runinga haiongezi chochote. Kwenye runinga nyingi mahali hapo ni sifuri au karibu na sifuri, ila kwenye za Sony ni hamsini. Zima upunguzaji wa chembechembe (vile vinukta vidogo vinavyocheza kwenye picha), zima kihisi cha mwanga wa chumba, na zima hali ya kuokoa umeme. Mwenye kutaka kwenda mbali zaidi anaweza kununua diski ya vipimo ya Spears & Munsil, yenye michoro ya kurekebishia mwangaza na rangi; kwa mtu wa kawaida, mambo niliyoyataja hapa yanatosha kabisa.

Hatua ya tatu: Giza la chumba na umbali wa kiti

Malalamiko ya "picha ni giza" ndiyo mengi kuliko yote kuhusu diski za HDR, na mara nyingi diski haina hatia. Picha ya kawaida ya runinga huandaliwa kwa kipimo cha juu cha niti 100 (niti ni kizio cha mwanga wa skrini), nawe unaweza kuongeza mwangaza wa runinga ili ishindane na jua la dirishani. Picha ya HDR hufanya kazi tofauti, kwa sababu kila thamani iliyoandikwa kwenye diski inataja kiasi halisi cha mwanga kinachotakiwa kutoka kwenye skrini, na mfumo wenyewe una nafasi ya kufika niti 10,000. Uso wa mtu ndani ya chumba ukiwa umepangiwa niti 30 au 40, ndizo utakazopata, iwe usiku au mchana, na runinga yako tayari imeshapandisha taa yake hadi mwisho kwa ajili ya miale ya jua na taa za magari. Kwa hiyo mtu anayejaribu diski saa tisa alasiri, pazia zikiwa wazi sebuleni, ataona matope. Jaribu usiku, taa kuu ikiwa imezimwa, na taa ndogo ikiwa nyuma ya runinga ukipenda.

Umbali nao una hesabu yake. Jicho zima huanza kufaidi pikseli zote za 4K mtu anapoketi kwenye umbali wa takriban mara moja na nusu ya kimo cha picha, na kwa umbali wa mara tatu ya kimo, picha ya 1920 kwa 1080 tayari inalitosha. Runinga ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 68. Maana yake, kuzifaidi pikseli zote kunataka uketi mita moja kutoka kwenye skrini, na ukiketi zaidi ya mita mbili tofauti ya pikseli peke yake inakuwa ndogo mno. Makochi mengi ya nyumbani kwetu yako mita tatu au zaidi, yakiwa yamesogezwa hadi ukutani. Hii haina maana kwamba diski haifai. Ina maana kwamba utakachokiona kutoka kwenye kochi ni HDR, rangi na usafi wa picha, si idadi ya pikseli. Unapotaka kukagua uandaaji wa diski, sogeza kiti. Unapotaka kutazama filamu, rudi kwenye kochi.

Hatua ya nne: Ulizia asili ya filamu

Hapa ndipo sehemu kubwa ya ubora inapoamuliwa, miaka mingi kabla diski haijachapwa. Filamu iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 35 ina undani ambao mashine ya kuskani inaweza kuuvuna kwa 4K, ilimradi kinachoskaniwa ni negativu ya kamera yenyewe, yaani mkanda uleule uliopita ndani ya kamera, wala si nakala ya nakala. Kila mara mkanda unaponakiliwa, chembechembe huongezeka na undani hupungua, kwa hiyo diski iliyotokana na negativu na ile iliyotokana na nakala ya kusambazia kumbi za sinema haziwezi kulingana, hata kama jalada ni lilelile. Mkanda wa milimita 65 una eneo kubwa zaidi, na mfano wake bora ni "Lawrence of Arabia" ya mwaka 1962, ambayo negativu yake iliskaniwa kwa 8K na kukarabatiwa kwa 4K kabla ya kutimiza miaka 50. Diski yake ya mwaka 2020 inaonyesha mchanga wa jangwani kwa namna ambayo filamu nyingi za juzi na jana haziifikii.

Jambo hilo huwashangaza watu: filamu ya 1962 iwe na picha kali kuliko ya 2010? Sababu ni kwamba kuanzia miaka ya 2000 studio zilianza kukamilishia filamu kwenye kompyuta, na "O Brother, Where Art Thou?" ya mwaka 2000 ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza kurekebishwa rangi zote kwa njia hiyo. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanyika kwa 2K, yaani pikseli 2048 kwa upana, ambazo zinazidi zile 1920 za Blu-ray ya kawaida kwa asilimia saba hivi. Nakala kuu, yaani ile ambayo nyingine zote hutolewa kwayo, ikiwa ya 2K, diski ya 4K ni picha iliyokuzwa. Sisemi kwamba diski za namna hiyo hazinunuliki, kwa kuwa HDR, rangi pana na data isiyobanwa sana vinaweza kuibadilisha kabisa sura ya filamu. Ila usitarajie kuona nyuzi za shati ambazo hazikuwahi kuingia kwenye nakala kuu.

Na zipo filamu ambazo hakuna diski itakayoziokoa kwa upande wa undani. "28 Days Later" ya Danny Boyle ya mwaka 2002 ilipigwa kwa sehemu kubwa na kamera ya Canon XL1, kamera ya mkanda mdogo wa video yenye ubora wa runinga za zamani. Ukwaruzo wake ndio sura yake, na anayeikuza hadi 4K anaukuza ukwaruzo huo.

Kabla ya kununua, basi, tafuta maswali mawili yamejibiwa: filamu ilipigwa kwa mkanda au kamera ya aina gani, na nakala kuu ilikamilishwa kwa kipimo gani? Kwa filamu za zamani ongeza la tatu, iwapo ukarabati ulianzia kwenye negativu au kwenye nakala. Studio zinazojivunia kazi yao huyaandika majibu hayo nyuma ya jalada au kwenye tangazo. Jalada likinyamaza, mimi hupunguza matarajio.

Hatua ya tano: Soma picha yenyewe

Sasa weka diski na uanze na chembechembe. Katika filamu ya mkanda, chembechembe si uchafu. Ndizo zilizoijenga picha, na hata uso wa mtu unaouona kwenye skrini umetengenezwa kwazo. Tazama sehemu tupu, anga au ukuta wa rangi moja, na uzione zikicheza upya katika kila fremu, ndogo na zenye ukubwa unaolingana. Ukiona zimeganda ukutani huku mwigizaji akipita mbele yake, au zimejikusanya kuwa mabaka, kichujio kimepita hapo au data imebanwa kupita kiasi. Ukikuta filamu ya miaka ya 1980 haina chembechembe hata moja, basi zimefutwa, na kilichofutwa pamoja nazo ni undani.

Ushahidi wa kufutwa uko kwenye nyuso. Chagua onyesho ambalo mwigizaji amekaribiwa na kamera, mahali penye mwanga wa kutosha, na usimamishe picha. Angalia pale nywele zinapoota kwenye paji la uso: nyuzi zinatengana, moja moja, au ni doa moja la kahawia lenye ukingo laini? Shuka kwenye mashavu utafute vinyweleo na ndevu zilizonyolewa asubuhi ile. Kisha endesha picha tena, kwa maana kasoro mbaya zaidi hazionekani ikiwa imesimama. Uso unaweza kuwa na kila kinyweleo mtu akiwa ametulia, na mara anapogeuza shingo ngozi ikayeyuka kuwa nta kwa robo sekunde, halafu vinyweleo vikarudi anapotulia. Hiyo ni alama ya kichujio cha kuondoa chembechembe, na ukishaijua hutaacha kuiona.

Baada ya nyuso, tazama kingo. Paa la nyumba dhidi ya anga, au mti mkavu dhidi ya theluji, haupaswi kuzungukwa na mstari mwembamba mweupe. Mstari huo ni matokeo ya kukaza kingo kwa kompyuta ili picha ionekane kali. Kabla ya kuilaumu diski rudi hatua ya pili, kwa sababu runinga nayo huweza kuuchora.

Siku hizi kuna aina mpya ya kasoro inayohitaji jicho la namna nyingine. Mwaka 2024 zilitoka diski za 4K za filamu za James Cameron, zikiwemo "Aliens" na "True Lies", ambazo zilisafishwa kwa programu zinazojifunza kutambua umbo la vitu na kulichora upya. Zilizua ubishi mkubwa kati ya watazamaji. Wapo waliofurahia usafi wake, na wapo walioona nyuso zenye mikunjo isiyo ya binadamu, maandishi ya nyuma yaliyopindapinda na macho yaliyochongwa. Mimi niko upande wa pili, hasa kwa "True Lies", ingawa ninakiri kwamba kwa anayeketi mita tatu zinapendeza. Namna ya kuzitambua picha za aina hii ni kuangalia watu wa nyuma, wale wasiolengwa na kamera: programu huwakaza hata wao, na ukiona mtu wa mbali ana nyusi kali kuliko nyusi za mhusika mkuu, kuna mkono wa kompyuta.

HDR hukaguliwa pande mbili, kwenye mwanga mkali na kwenye giza. Upande wa mwanga, usitafute kung'aa peke yake bali undani ndani ya mng'ao: uzi wa balbu usiomezwa, mawingu yanayoonekana kando ya jua, kioo cha gari chenye mwako ambao bado una umbo. Upande wa giza, tafuta suti nyeusi kwenye onyesho la usiku na uone kama kola inatengana na kifua. Hapa kuna jaribio ambalo nalithamini kuliko mengine, nalo ni uso wa mtu mweusi kwenye mwanga hafifu. Taa moja ya mezani inapolipiga shavu jeusi, kuna ngazi nyingi za rangi kati ya mng'ao wa mfupa wa shavu na kivuli cha shingo: kahawia, wekundu kidogo, hata samawati inayotoka dirishani. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na katika nakala nyingi za zamani shavu hilo huwa doa. Diski ya 4K ina biti 10, sawa na ngazi 1024, na ikiandaliwa vizuri uso unarudi mahali pake. Ikiwa uso umebaki doa hata kwenye diski hii, ama runinga inazika giza au mwandaaji hakujali.

Usihesabu upole kuwa kasoro. Wapo wapigapicha wa filamu wanaotaka HDR isiyopaa, na diski yao itakuwa na mwanga wa kadiri kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinachopaswa kukutia shaka ni nyeusi iliyopandishwa kuwa kijivu kwenye filamu nzima, au rangi za ngozi zilizogeuzwa kijani au chungwa ilhali matoleo ya awali hayakuwa hivyo. Ubishi wa HDR10, HDR10+ na Dolby Vision una uzito mdogo kuliko unavyotangazwa. HDR10 iko kwenye kila diski yenye HDR na hubeba maelezo ya jumla kwa filamu nzima. Hizo nyingine mbili huongeza maelezo ya kila onyesho, na msaada wake huonekana zaidi kwenye runinga isiyo na mwanga mwingi inapopewa filamu iliyoandaliwa kwa niti 4,000. Runinga nyingi za bei nafuu hupokea mawimbi ya HDR na kuyatangaza kwa nembo kubwa, na bado hazina mwanga wa kuyatimiza.

Hatua ya sita: Angalia data ilivyobanwa

Diski hizi hutumia mfumo wa kubana picha uitwao HEVC na huja kwa kawaida katika ukubwa wa gigabaiti 66 au 100. Zote mbili huweza kusomwa kwa zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde. Kwa kulinganisha, Netflix inashauri intaneti ya megabiti 15 kwa ajili ya 4K. Filamu ya saa mbili kwa kasi hiyo ni gigabaiti 13.5 hivi, ambazo ni bando zito kwa mtu anayelipia data ya simu, wakati filamu hiyohiyo kwa wastani wa megabiti 60 kwenye diski ni gigabaiti 54. Tofauti hiyo ndiyo inayoziacha chembechembe hai, kwa sababu chembechembe hubadilika katika kila fremu na hakuna kitu kigumu kubana kuliko kitu kisichojirudia.

Hesabu hii pia inakusaidia kutilia shaka diski. Filamu ya saa tatu kwenye diski ya gigabaiti 66 haiwezi kuzidi wastani wa megabiti 49 kwa sekunde, na hapo sauti za lugha mbalimbali zimo. Kwa filamu ya kidijitali iliyo safi hiyo inatosha. Kwa filamu ya mkanda yenye chembechembe nyingi ni kubana, na utayaona matokeo kwenye moshi, ukungu, maji yanayochafuka na mwanga wa tochi gizani: vijisanduku vidogo vinavyotembea, au anga la machweo lililogawanyika kuwa mistari. Deki nyingi huonyesha kasi ya data kwenye ukurasa wa maelezo. Itazame kwenye maonyesho hayo magumu, usiitazame mtu akiwa ameketi akizungumza.

Hatua ya saba: Linganisha kwa haki

Ukiwa na Blu-ray ya kawaida ya filamu hiyohiyo, linganisha onyesho moja kwa muda wa dakika moja au mbili kwa kila diski, ukitumia deki ileile. Runinga huhifadhi mipangilio ya HDR kando na ya picha ya kawaida, kwa hiyo hakikisha umerudia hatua ya pili kwa zote mbili, la sivyo unalinganisha mipangilio. Kumbuka pia kwamba picha iliyosimamishwa na kupigwa kwa simu haithibitishi chochote kuhusu HDR, kwa kuwa simu huirekebisha picha kwa akili zake.

Kuhusu ununuzi, diski za 4K zenyewe hazina kufuli la kanda, yaani la kuzuia diski ya eneo moja la dunia isicheze kwenye deki ya eneo jingine, na ya Marekani itacheza Mombasa bila tatizo. Blu-ray ya kawaida inayokuja kwenye jalada hilohilo huweza kufungwa: Marekani iko kanda A, wakati Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati ziko kanda B. Kwa hiyo deki iliyonunuliwa Uingereza inafaa zaidi kwa anayeishi Afrika Mashariki, kwa upande wa umeme na wa kanda pia.

Mwisho kuna suala la diski kuganda. Diski ya gigabaiti 100 ina tabaka tatu zilizosongamana, na alama ya kidole ambayo DVD isingeijali inaweza kuisimamisha kabisa, mara nyingi baada ya nusu ya filamu. Ifute kwa kitambaa laini cha mikrofaiba kutoka katikati kuelekea ukingoni, kamwe usizungushe, kisha zima deki kabisa kabla ya kujaribu tena. Hata diski mpya iliyotoka kwenye nailoni huweza kuwa na vumbi la kiwandani, kwa hiyo fanya hivyo kabla ya kuilaumu. Ikiganda dakika ileile kwenye deki mbili tofauti, kasoro ni ya diski. Andika dakika hiyo, ipigie picha skrini, na uirudishe kwa muuzaji kabla muda wa kurejesha haujapita.